Kijana, Oili Yako Ina Kilomita Ngapi?



Leo nitaanzia gereji, kanisani tutafika baadaye. Kama huna gari usiondoke, hata mimi sina.

Kaka yangu ana Noah, zile za zamani, SR40, ambazo injini imelala chini ya viti vya mbele. Aliinunua mkononi kwa mtu hapa hapa Tunduma, dashibodi ikisoma kilomita 238,000 na kitu. Nasema "ikisoma" kwa sababu magari haya yaliyotumika yana historia zake, na ile namba si kila mara inasema ukweli. Alikopa kwenye kikoba, akauza mbuzi, mama akaongezea hela ya kahawa. Kwa hiyo kadi ilikuwa na jina la mtu mmoja, lakini gari lilikuwa la ukoo mzima.

Siku ya kwanza tulilipeleka kwa fundi mmoja, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Kaka akamuuliza, "Shikamoo mzee. Hivi oili ya gari kama hili tunabadilisha kila baada ya kilomita ngapi?"

Mimi nilishashika kalamu, maana kaka alikuwa amenipa kazi ya kutunza daftari la gari. Nikawa nasubiri namba. Mzee hakutoa namba. Akauliza, "Linatembea wapi?"

"Mlowo kwenda Kamsamba, mzee. Siku nyingine vijiji vya ndani huko Momba."

Mzee akacheka kidogo. "Basi kile kitabu cha gari kiweke kabatini. Wewe kilomita elfu tatu, unamwaga. Na kila Jumamosi asubuhi, kabla hujaliwasha, chomoa kijiti upime."

Nikaandika: 3,000. Nikapigia mstari.

Ngoja nieleze alichotueleza, kwa sababu bila hicho huku mbele hatutaelewana. Oili ndani ya injini ina kazi nyingi kuliko kulainisha. Inapoza, inazuia kutu, inaziba ile nafasi ndogo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, na pia inaosha. Imewekewa dawa za kushika masizi na uchafu na kuufanya uelee, usigande kwenye vyuma. Dawa hizo zinatumika mpaka zinaisha. Joto linaichosha oili, petroli ambayo haikuungua vizuri inapenya na kuifanya nyepesi, na asidi zinazotokana na kuungua zinaongezeka. Inafika siku oili ipo, ukichomoa kijiti iko kwenye alama kabisa, ila kazi haifanyi tena.

Hapo hatujagusa vumbi. Injini inapounguza lita moja ya petroli inavuta takribani lita 9,000 za hewa. Fikiria sasa hewa hiyo inavutwa mwezi wa nane, njia ya Kamsamba, nyuma ya Fuso lililobeba mpunga, ambapo hata taa za gari la mbele huzioni. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na chembe hizo ni ngumu kuliko chuma cha ringi. Eya klina ikiwa nzima na imekaa vizuri, nyingi zinaishia hapo. Ikiwa imechanika, au mpira wa bomba lake una ufa mdogo tu, zinapita. (Hapa mzee aligomba sana kuhusu vijana wanaopuliza eya klina na upepo wa kompresa kwa nguvu zote mpaka karatasi inatoboka. Ukiipuliza, alisema, puliza polepole, kutoka ndani kwenda nje, na ikichoka nunua nyingine.) Chembe zikishaingia zinakwaruza silinda, zinapenya kando ya ringi, zinaingia kwenye oili, na kuanzia hapo oili yenyewe ndiyo inazisambaza kwenye beringi. Filta ya oili inakamata zile kubwa. Zile laini kabisa zinaendelea kuzunguka.

Kwa maneno mengine, ile oili uliyoweka ilinde injini inageuka kuwa msasa.

Watengenezaji wa magari wanalijua hilo. Vitabu vya Toyota, kwa mfano, vinatenga mazingira magumu: barabara za vumbi, mzigo mzito, safari fupi fupi, injini kuunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama. Kwa gari la namna hiyo muda wa kubadilisha oili mara nyingi hukatwa nusu, badala ya kilomita 10,000 inakuwa 5,000. Na hapo wanazungumzia gari zima na oili nzuri. Gari lenye kilomita zaidi ya laki mbili, ringi zimeshaanza kuchoka, oili ya kawaida ya bei ya kwetu, ndiyo maana mzee alishuka hadi 3,000. Ukiisoma vizuri ile orodha utaona ni ratiba ya kaka yangu, Jumatatu hadi Jumamosi.

Kuna jambo ambalo mimi lilinishangaza zaidi. Mnaijua foleni ya Tunduma. Malori ya Zambia na Kongo yamejipanga, magari ya IT yamebanana katikati, na wewe mwenye safari ya kwenda Mpemba tu umekaa pale saa nzima na injini inaunguruma. Kilomita zinasoma zile zile. Lakini injini inafanya kazi. Kampuni ya Ford, kwa magari yake ya kazi, huhesabu saa moja ya kuunguruma umesimama kama takribani kilomita 53 za barabarani. Yaani unaweza kukaa foleni saa mbili kwa siku, siku sita, ukawa umechosha oili kwa zaidi ya kilomita 600 ambazo dashibodi haizijui.

Na taa nyekundu? Ile yenye alama kama birika? Vijana wengi wanaosukuma gari wanaamini taa isipowaka oili bado nzuri. Si kweli. Taa ile haipimi uchovu wa oili. Inapima msukumo. Ikiwaka ukiwa unaendesha maana yake oili haifiki inapotakiwa, na unatakiwa kuzima injini hapo hapo, hata kama uko katikati ya pori. Anayesubiri taa anasubiri hasara.

Sasa twende kanisani.

Kila mmoja wetu alikariri amri za Kanisa kabla ya Komunyo ya kwanza. Mojawapo: kuungama dhambi walau mara moja kwa mwaka. Amri hiyo ni ya zamani, iliwekwa na Mtaguso wa Nne wa Laterano mwaka 1215, na leo iko katika kanuni ya 989 ya Sheria za Kanisa: kila muumini aliyefikia umri wa kupambanua anawajibika kuungama dhambi zake kubwa angalau mara moja kwa mwaka. Vijana wengi tunaishika hivyo hivyo. Kwaresima ya mwisho mwisho, Jumatano ya Juma Kuu, mstari umefika mlangoni, unaingia, unamaliza dakika mbili, unatoka, tuonane mwakani. Ukiulizwa unajibu, "Mbona nimetimiza?"

Ni kweli umetimiza. Lakini sikiliza neno "walau". Mwaka mmoja ni mwisho kabisa wa uvumilivu, ni namba iliyowekwa ili hata yule wa mbali kabisa asipotee moja kwa moja. Kanisa halijawahi kusema hiyo ndiyo sevisi ya kila mtu. Na kanuni ya 916 inatuambia kwamba anayejua ana dhambi kubwa asipokee Komunyo kabla ya kuungama. Kwa hiyo ukianguka mwezi wa tano ukasema nitaungama Pasaka ijayo, hesabu mwenyewe ni Dominika ngapi utakaa kwenye benchi wenzako wakienda mbele. Au utakwenda nao hivyo hivyo, na hilo ni baya zaidi.

Papa Fransisko, katika katekesi yake ya Novemba 2013, alisema hata yeye huungama kila baada ya majuma mawili. Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na akatangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa akiungama kila wiki. Kila wiki! Na huyo barabara yake ilikuwa lami.

Ndiyo maana ukiniuliza kijana Mkatoliki aungame kila baada ya muda gani, nitakujibu kama yule mzee. Unatembea wapi?

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi Tunduma ni mji wa dhambi. Nimezaliwa huku, na watu wa mbali wakianza kuusema mji wetu huwa nakasirika. Vumbi lenyewe si dhambi. Ni mazingira tu, na wapo watu wanaosali kweli kweli katikati yake. Lakini tusidanganyane, mpakani ni mpakani. Hela inabadilishwa mikono toka asubuhi, shilingi kwa kwacha, na kijana anayehesabu noti za wenzake siku nzima anajaribiwa tofauti na mwanafunzi wa seminari. Kuna wageni wanaolala usiku mmoja na kuondoka. Kuna njia za panya na kuna anayekulipa upitishe kitu usiulize ni kitu gani. Kuna simu mfukoni yenye picha ambazo huhitaji kuvuka mpaka kuziona. Na kuna mkeka.

Mkeka naujua mimi. Hapo ndipo nilipotaka kufika, na nimezunguka sana kwa sababu sikutaka kufika.

Nimesema nilikuwa natunza daftari. Kila siku kaka akirudi alinipa hesabu, mimi natenga: mafuta, mkopo wa kikoba, na elfu kadhaa pembeni kwa ajili ya sevisi. Ikifika kilomita 3,000 natoa kama elfu themanini hivi, tunanunua galoni ya lita 4 na filta, mzee anamwaga. Tulifanya hivyo mara nne bila shida. Mara ya tano ilikuwa Septemba. Hela ya sevisi ilikuwa imetimia, na Jumamosi ile nilikuwa na mkeka wa timu sita ambao niliuona hauwezi kuchanika. Ulichanika saa nne usiku, timu moja tu.

Kaka aliponiuliza nikamwambia, "Bado bro, kilomita hazijafika." Kisha nikafungua daftari nikabadilisha namba. Nane nikaifanya kuwa tisa, ilikuwa rahisi, hata wino ulifanana. Nikajiambia nitarudisha. Mwezi uliofuata nikatenga tena, nikajaribu kurudisha ile ya kwanza kwa njia ile ile iliyoipoteza. Mnajua ilivyokwenda.

Oili ilipopungua kwenye kijiti kaka akawa ananunua lita moja anaongezea. Gari lililochoka linakula oili, hilo kawaida, na kuongezea si kosa. Kosa ni kuongezea badala ya kumwaga. Unachukua oili safi, unaichanganya na tope, kijiti kinakuonyesha umejaa. Na mimi nilikuwa nafanya jambo hilo hilo upande wangu. Kipindi kile, vijana, nilisali kuliko wakati mwingine wowote. Niliingia novena. Nilikuwa wa kwanza kwenye mkutano wa VIWAWA, niliimba kwaya, nilijitolea kufagia kanisa. Kwa Baba Padre kwenye kiti cha kitubio sikwenda. Nilikuwa naongezea juu.

Noah ilizima Novemba, kabla mvua hazijakolea, ikipanda kutoka bondeni ikiwa na watu tisa na magunia ya mpunga. Taa iliwaka, kaka akadhani ni waya. Baada ya muda kidogo injini ikaanza kugonga, kok kok kok, halafu kimya. Imenoki. Kulikuwa na mama anampeleka mtoto hospitali, mtoto ana homa. Walikaa pale jua kali karibu saa tatu mpaka lori moja likawachukua. Mtoto alifika salama, namshukuru Mungu, lakini mimi nililijua hilo baada ya siku mbili, na siku mbili zile sizisahau.

Mzee alipofungua sampu alituita tuone. Chini kulikuwa na tope jeusi zito, kama uji wa ulezi uliolala. Akachukua kidogo kwa vidole viwili akasugua, akanipa na mimi nisugue. Ilikuwa inakwaruza. Akauliza, "Hii mlimwaga lini mara ya mwisho?" Kaka akaniangalia mimi. Nikafungua daftari, nikasoma namba yangu ya uongo kwa sauti ya kawaida kabisa. Mzee hakusema kitu. Alifuta mikono tu.

Kaka akaamini daftari. Kwa hiyo lawama zikaenda kwa aliyemuuzia. "Aliniuzia mkweche, alijua." Yule mtu ni wa Jumuiya yetu. Wakagombana mbele ya watu. Wakaacha kusalimiana. Dominika kwenye amani, kaka anageukia upande mwingine, na mimi niko kwenye kwaya juu nawaona wote wawili. Nilikaa hivyo Majilio nzima, Noeli, mpaka Kwaresima ilipoingia.

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11 na ya 12, Mfalme Daudi alimchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Tunasoma haraka haraka hatuhesabu muda. Nathani alipokuja kumsimulia habari ya yule tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, mtoto wa Bathsheba alikuwa ameshazaliwa. Basi Daudi alikaa na jambo lile miezi. Miezi yote hiyo aliendelea kuwa mfalme. Alihukumu kesi za watu, na aliposikia habari ya kondoo alikasirika kweli, akataka yule tajiri afe. Dhamiri ya kuhukumu wengine ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Mimi namwelewa Daudi. Kipindi kile nilikuwa mkali kwa watoto wa kwaya wanaochelewa.

Aliyenitoa hapo ni yule mzee fundi, na sidhani kama alikusudia. Nilipita gerejini Februari, nikamkuta anamwaga oili ya gari jingine. Ilitoka nyeusi. Nikasema, kwa kujifanya najua, "Hii imeharibika kabisa." Akasema, "Hapana, hii ni nzuri, imefanya kazi yake. Inatakiwa itoke nyeusi. Oili inayotoka safi baada ya kilomita elfu tatu ndiyo ya kuogopa, ujue uchafu imeuacha ndani." Halafu akasema, akiwa bado ameinama, "Wewe kijana, ile daftari yenu ilikuwa safi mno."

Nilikwenda kuungama Jumamosi hiyo.

Yaliyosemwa mule ndani padre hawezi kuyasema popote, ila mimi ni yangu, naweza. Nilisema yote. Mkeka, namba, na yule jirani aliyebeba lawama yangu. Nilitegemea makaripio. Padre alinyamaza kidogo akauliza, "Kaka yako anajua?" Akanieleza kwamba Mungu ananisamehe sasa hivi, haniwekei mkopo, lakini aliyeiba anawajibika kurudisha, na aliyemharibia mtu jina anawajibika kulitengeneza, kadiri inavyowezekana. Hilo liko katika Katekisimu, namba 1459. Ondoleo linafuta dhambi, halitengenezi Noah.

Hapa mfano wangu wa oili unaishia, na ni vizuri uishie. Fundi akimwaga, kuna oili chafu kidogo inabaki kwenye pembe za injini, hawezi kuitoa yote. Sakramenti haiko hivyo. Ukiungama vizuri unasamehewa zote, hakuna inayobaki pembeni. Kinachobaki ni mazoea. Kidole changu Jumamosi jioni bado kilijua njia ya kwenye ile programu ya kubeti. Kwa hiyo padre aliniambia nisisubiri Pasaka, nirudi baada ya majuma mawili, kisha tena baada ya mawili. Ni kama mzee alivyofanya baadaye na injini nyingine aliyotufungia, injini iliyotumika kutoka Dar ambayo hatukujua ililelewaje. Hakuiosha na dawa kali. Alisema dawa kali kwenye injini yenye tope la miaka inaling'oa lote kwa mara moja, linakwenda kuziba chujio la pampu, unaua injini ukidhani unaiponya. Aliweka oili, tukatembea kilomita 1,000 tu, akamwaga. Tukatembea 1,000 nyingine, akamwaga. Ndipo tukarudi kwenye 3,000. Kama una miaka mitano hujaungama, usijitishe na usijipangie utakatifu wa wiki moja. Nenda. Mwambie padre, "Nina muda mrefu, nisaidie." Halafu rudi upesi.

Na mwageni oili injini ikiwa na moto kidogo, siyo ya baridi. Ikiwa ya moto uchafu unaelea na unatoka nayo. Ikipoa unakaa chini. Mimi sasa napima dhamiri jioni ile ile, dakika tatu kabla ya kulala, mambo yakiwa bado ya moto. Ukisubiri Jumamosi unakumbuka makosa ya wenzako tu.

Jambo moja niligundua mwaka huo huo, kwenye Misa ya Krisma. Askofu na mapadre wake wanakutana karibu na Pasaka, askofu anabariki mafuta ya wakatekumeni na mafuta ya wagonjwa, na kuweka wakfu Krisma takatifu, ile yenye manukato tuliyopakwa kwenye Kipaimara. Mapadre wanapeleka mafuta mapya parokiani. Ya mwaka jana je? Hayaendelei. Kanuni ya 847 inasema mhudumu atumie mafuta yaliyobarikiwa karibuni, ya zamani asiyatumie isipokuwa kuna lazima, na kwa desturi ya zamani yanayobaki huchomwa kwa heshima. Hayajaoza. Hayajapoteza baraka. Lakini Mama Kanisa kila mwaka anamwaga na kuweka mapya, hata kwa mafuta matakatifu ambayo hayajawahi kupita kwenye vumbi.

Kumwambia kaka kulinichukua siku nne. Nilimwambia uani, anafua. Aliendelea kufua. Aliuliza swali moja tu, "Shilingi ngapi?" Nikamtajia. Siku tatu hakuongea na mimi. Siku ya nne tulikwenda wote wawili nyumbani kwa yule jirani. Mimi niliongea, kaka aliomba radhi. Mke wake alituletea chai na mihogo, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Deni nalilipa kidogo kidogo kutoka kwenye kibanda cha uwakala wa pesa ninapofanya kazi, bado miezi mitano. Programu ile nilifuta, nikairudisha, nikafuta tena.

Daftari kaka alinirudishia mwezi wa sita. Aliniwekea mezani tu na kalamu juu yake. Jumamosi iliyopita asubuhi tulimwaga oili ikiwa na kilomita 2,870, zilikuwa hazijatimia, lakini wiki nzima gari lilikuwa Kamsamba na upepo mnajua ulivyo. Ilitoka nyeusi. Niliandika namba, kaka akaja akasimama nyuma yangu akaisoma, akaenda kuwasha gari. Kwetu maungamo ni Jumamosi saa kumi jioni. Nilikuwa na siku kumi na sita. Nilikuta watu wanne kwenye mstari, wa tatu ni mzee fundi.